Miguu ya Bwana Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba za nyasi, vinu, mikeka na majirani wenye maneno mengi, palikuwa na kijiji kimoja huko nyikani. Sogeeni. Na wewe unayesinzia, fikicha macho, maana hadithi hii ina mume anayekubali kuliwa, na mkewe anayekataa.

Jumbe wa kijiji alikuwa Simba. Mkubwa huyo! Akinguruma, vyungu vinacheza juu ya mafiga. Umri wake hakuna aliyeujua, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mwaguzi wa Jumbe alikuwa Fisi. Watu walimwita Fundi, kwa sababu alijua kupiga bao. Alikuwa na ubao uliojaa mchanga mweupe. Anadonoa nukta kwa kidole, tap! tap! tap! Anazihesabu mbilimbili, anafuta, anadonoa tena, kisha anafumba macho na kutaja mambo ya kesho. Jumbe alimwamini mpaka ikawa kero.

"Fundi, leo uji ninywe wa moto au wa vuguvugu?"

"Bao linasema vuguvugu, Jumbe."

"Haya, vuguvugu!"

Bao hilo lilikuwa na tabia moja. Kila Jumatano lilionyesha chakula cha Jumbe cha Ijumaa, na kila mara chakula hicho kilikuwa ni jirani fulani. Fisi alisimama mbele ya watu akasema, "Liandikwalo ndilo liwalo. Aliyeandikiwa haburutwi, hafungwi kamba, wala hasukumwi. Miguu yake mwenyewe itamleta."

Na kweli ilimleta! Hapo ndipo ninapokasirika kila nikisimulia. Mzee Nyumbu alikwenda na mzigo wa kuni mgongoni, akauliza kama zinatosha. Bi Ngiri alikwenda na chumvi yake mkononi, asije akaitwa mchoyo. Nani aliwakamata? Hakuna. Nani aliwakimbiza? Hakuna. Waliambiwa imeandikwa, wakaoga, wakaenda.

Basi Jumatano moja watu walikusanyika uwanjani kama kawaida. Fisi akadonoa, akahesabu, akafumba macho.

"Ijumaa," akasema, "kabla jua halijazama, chakula cha Jumbe kitapita lango la Jumbe kwa miguu yake chenyewe, bila kuvutwa." Akafumbua jicho moja, akazungusha kidole juu ya vichwa vya watu, kikatua. "Ni Bwana Digidigi!"

Bwana Digidigi ni yule mnyama mdogo mwenye miguu myembamba na macho makubwa. Jina lake Kondo. Alikuwa mpole, mtu wa kusema samahani hata akikanyagwa yeye. Kusikia jina lake, akainama akasema, "Ahsante, Fundi."

"Ahsante ya nini?" Mkewe akamvuta kanzu. Huyo ndiye Semeni, mdogo kuliko mumewe, na ulimi wake haukulala. Hakulia. Aliinua mkono.

"Fundi, samahani. Bao limemtaja mume wangu kwa jina?"

Fisi akacheka. "Bibi we! Bao halitaji majina. Bao linaonyesha nukta. Jina nataja mimi."

"Aa. Nimekuelewa," akasema Semeni. Akaliweka neno hilo moyoni, kama mtu anavyofunga kitu kwenye pindo la khanga.

Walipofika nyumbani Bwana Kondo alianza kugawa vitu. "Jembe mpe mdogo wangu. Kile kigoda mpe Bi Kanga, alikipenda siku nyingi."

Bi Kanga, jirani yao, alikuwa tayari mlangoni, kigoda kwapani, analia. "Uuuwi, Bwana Kondo wetu! Kinu nacho mtakiacha?"

"Kinu ni changu, na mimi sijaandikiwa kitu," akasema Semeni, akafunga mlango. Kisha akakaa karibu na mumewe. "Kondo, kwa nini unataka kwenda?"

"Sitaki, mke wangu. Lakini Mungu anajua yote au hajui?"

"Anajua."

"Basi kama anajua nitakwenda, nitaachaje kwenda?"

"Na kama anajua hutakwenda?"

"Hilo sikulifikiria."

"Sikiliza. Mimi najua jogoo wa jirani atawika alfajiri. Je, ni mimi ninayemwambia wika?"

"Hapana. Anawika mwenyewe."

"Basi kujua si kusukuma. Mungu anajua, na wewe unakwenda au huendi. Na tena, mume wangu, anayejua ni Mungu. Huyu ni Fisi!"

Bwana Kondo akatikisa kichwa. Alikuwa ameshaogopa, na mtu akishaogopa maneno mazuri humpita juu juu. "Nyumbu alikwenda. Ngiri alikwenda. Mimi nani nisiende?"

Semeni hakubishana tena. Aliumia sana moyoni, maana walikuwa wameishi miaka mingi kwenye kijumba kile, na hakuna siku mume huyo alikula kabla hajamtengea yeye. Alikesha akiwaza. Mtu mwoga humtoi kwenye imani yake kwa kumvuta, atashikilia zaidi. Ila unaweza kumwacha ndani ya imani hiyo hiyo, ukamfungia mlango kwa nje.

Na kulikuwa na jambo jingine alilolijua. Mwezi uliopita alipeleka unga kwa Jumbe, akamkuta anakula kiazi cha kuchemsha. Kiazi kilizunguka mdomoni huku, kikazunguka kule, kikashindikana. Fisi akakitoa, akamtafunia, akamrudishia nusu. Nusu nyingine akameza mwenyewe. Semeni aliinamisha macho akatoka kimya kimya, maana siri ya mkubwa haibebwi ovyo.

Ijumaa ikafika. Bwana Kondo akaoga, akavaa kanzu safi, akasema, "Haya, buriani."

"Unakwenda wapi?"

"Si kwa Jumbe?"

"Ala! Nani amekwambia uende? Fundi alisema miguu itakupeleka. Sasa wewe una haraka ya nini? Unataka kuwahi maandiko? Kaa hapa mkekani, nyoosha miguu, usiifanye chochote. Kama imeandikwa, itakwenda yenyewe."

Bwana Kondo akafikiri. Maneno yalikuwa sawasawa na ya Fisi, hakuona pa kukataa. Akakaa. Akanyoosha miguu yake minne, akaikodolea macho.

Wakangoja. Semeni akawa anapukuchua mahindi, puku! puku!

"Mke wangu! Kidole kimetikisika!"

"Ni mdudu."

"Sasa je?"

"Sasa ni wewe, unakitikisa kusudi. Acha."

Jua likapanda. Kule kwa Jumbe maji yalikuwa yanachemka kwenye chungu kikubwa, na Simba amekaa langoni kwa ndani, anatoa udenda. "Fundi! Mbona chakula hakijafika?"

"Kinakuja, Jumbe. Labda kinaaga ndugu." Lakini Fisi mwenyewe tumbo lilikuwa linanguruma, ngrrr, kwa sababu mtafunaji wa nyama ile alikuwa yeye. Akashika ubao wake, akatoka langoni mbio mpaka kwa akina Digidigi.

"Bwana Kondo! Umekaa?"

"Nimekaa, Fundi. Nangoja miguu."

"Miguu gani?"

"Hii. Ulisema itanileta yenyewe. Nimeiangalia tangu asubuhi, bado."

"Isimamishe basi!"

"He!" akaruka Semeni. "Fundi, tusivunje mwiko! Akiisimamisha yeye, si yeye huyo aliyeamua? Na kama anaweza kuamua kusimama, anaweza kuamua kukaa. Sasa imeandikwa au haikuandikwa?"

Majirani walikuwa wameanza kujazana uani, maana walikuja kulia na sasa hawajui walie saa ngapi. Fisi akanyoosha mkono amvute Bwana Kondo sikio.

"Haburutwi!" akapiga kelele Bi Kanga. "Wewe mwenyewe ulisema!"

Mkono ukarudi. Fisi akageuka, akarudi mpaka kwa Jumbe, akapita langoni anahema. "Kinakuja, Jumbe. Kiko njiani."

"Njia ndefu hiyo!" akanguruma Simba. Vyungu vikacheza, na cha kwanza kucheza ni kile cha maji ya moto.

Adhuhuri Fisi akaja tena. Safari hii alikuja na tabasamu. "Bibi Semeni, ndugu yangu. Tusitiane aibu mbele ya watu."

"Wala sina nia hiyo, Fundi. Mimi nina swali moja tu dogo. Bao lako linajua kila kitu?"

"Kila kitu! Hata unyoya wa kunguru utakapoanguka."

"Basi lipige hapa, watu waone. Mume wangu sasa hivi atasimama, au atabaki amekaa?"

Kila mtu akasema, "Eee! Lipige!" Fisi hakuwa na pa kutokea. Akaweka ubao chini. Tap! tap! tap! Akamtazama Bwana Kondo aliyekuwa ameganda tangu asubuhi. Rahisi, akawaza.

"Bao linasema atabaki amekaa!"

Bwana Kondo akamtazama mkewe. Mkewe akainua unyusi mmoja tu. Bwana Kondo akatazama miguu yake. Akavuta pumzi. Akasimama wima!

"Heeee!" wakasema watu wote uani.

"Nimekosea nukta moja," akasema Fisi, jasho linamtoka. Akafuta, akadonoa. "Sasa nimeona. Ataendelea kusimama!"

Puu! Bwana Kondo akakaa.

Watu wakaanza kucheka. Na Bwana Kondo mwenyewe, wanangu, yule wa kusema samahani akikanyagwa, alianza kucheka pia. "Tena, Fundi! Piga tena!"

"Atakaa!" Akasimama. "Atasimama!" Akakaa. "Atakaa!" Akasimama, akaruka na kurukaruka kama mtoto aliyeona mvua ya kwanza.

Fisi akapiga teke mchanga. "Ndiyo maana! Nimesema kwa sauti, mmesikia! Bao likisemwa mbele ya mhusika linaharibika!"

"Ahaa," akasema Semeni polepole. "Na lile la Jumatano, si ulilisema mbele ya kijiji kizima?"

Ungewaona watu wanavyomkumbuka Nyumbu na kuni zake, Ngiri na chumvi yake. Macho yao yakaanza kumgeukia Fisi, na hayakuwa macho mazuri.

Fisi akainua ubao wake, akaondoka. Alipita lango la Jumbe mkia umelala. "Jumbe, ngoja kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Maji yamepungua nusu! Nenda kamlete!"

"Haletwi, Jumbe, imeandik..."

"NENDA!"

Akaja mara ya tatu, jua limeinama. Sasa alikuwa anabembeleza. "Bwana Kondo, mzee wangu, njoo hata langoni tu. Jumbe akuone. Ukiwa hutaki, utarudi."

Semeni akatazama jua. Akatazama vumbi la nyayo za Fisi, zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi, zimechora njia nyeupe kabisa kati ya mlango wake na lango la Jumbe. Akatabasamu. Alikuwa anaingojea njia hiyo tangu asubuhi.

"Tunakuja," akasema. "Tangulia, Fundi, ukampe Jumbe habari."

Fisi hakuamini masikio yake. Akatangulia mbio mbio.

Bwana Kondo akamshika mkewe. "Semeni, twende kweli?"

"Wewe unataka?"

Akafikiri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano mtu kumuuliza. "Nataka kwenda kuona," akasema. "Lakini kuingia, ng'o."

"Basi twende ukaone."

Wakaenda, na kijiji kizima nyuma yao. Lango la Jumbe lilikuwa nguzo mbili za mninga zenye kizingiti. Fisi akalipita kwa furaha, akasimama karibu na chungu. Bwana Kondo akafika hatua moja kabla ya nguzo, akasimama. Akarudi nyuma nusu hatua, ili tu aone kama inawezekana. Ikawezekana! Akafurahi mpaka machozi yakamtoka.

Simba akainuka kidogo. "Ingia!"

"Shikamoo, Jumbe," akasema Semeni kutoka nje.

"Marahaba. Ingieni, jua linazama!"

"Jumbe, tumekuja kukupa hongera. Chakula chako kimefika."

"Kiko wapi?"

"Kiko ndani. Fundi alisema Jumatano, na sisi wote tulisikia. Kabla jua halijazama, chakula cha Jumbe kitapita lango kwa miguu yake chenyewe, bila kuvutwa. Mimi nilimuuliza kama bao limetaja jina. Akasema bao halitaji majina, jina anataja yeye. Sasa Jumbe, na nyinyi nyote, semeni. Nani leo amepita lango hili kwa miguu yake mwenyewe, bila kuvutwa? Na si mara moja. Mara tatu!"

Watu wote wakatazama vumbi. Nyayo zilikuwa zinasomeka.

Simba naye akatazama. Akili yake ilikuwa nzito, lakini njaa huifanya akili yoyote itembee. Akageuza kichwa taratibu kumwelekea Fisi. "Fundi."

"Na... naam, Jumbe?"

"Mbona ni kweli?"

"Si kweli, Jumbe!"

"Bao lako lilikosea lini? Kwa Nyumbu halikukosea. Kwa Ngiri halikukosea. Liandikwalo ndilo liwalo. Ingia chunguni, Fundi wangu. Nitakukumbuka."

Maji yakafanya bwata! bwata! Simba akasogea, na Fisi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ua. Hapo hofu ikayatoa yale yaliyokuwa tumboni mwake siku zote.

"Hapana! Hakuna kilichoandikwa! Mimi nimekuja kwa hiari yangu! Nilitaka kuja nikaja, nisingetaka nisingekuja! Kila mtu huenda atakako! Ni mchanga tu, Jumbe, mchanga na kidole changu! Nyumbu angebaki kwake nisingemfanya kitu!"

Akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini maneno hayarudi mdomoni.

"Ehee?" akasema Bi Kanga. "Rudia hapo pa mwisho."

Simba akaruka kumkamata. Alitaka kuruka, niseme. Goti lilifanya kwaa! akaanguka kifudifudi, mdomo wazi mbele ya kijiji kizima, na watu wakaona ufizi mtupu na meno mawili yanayocheza. Kumbe huyu ndiye waliyekuwa wanampelekea wenzao! Wengine walicheka, lakini mtoto wa Ngiri alilia kwa sauti, na Semeni akamshika mkono mpaka akanyamaza.

Fisi akatoboa ua, huyooo! Akakimbia huku akigeuka nyuma, na mpaka leo Fisi hutembea hivyo hivyo, hatua mbili mbele, jicho nyuma. Ubao wake ulibaki pale, na kuku wakaoga mchanga wake.

Sasa maji yalikuwa yanachemka bure. Semeni akavuka lango. Kwa hiari yake, angalieni. Akachukua unga wa mtama, akakoroga uji, akautia kwenye kata, akampelekea yule mzee aliyekaa chini na aibu yake.

Simba akautazama uji. "Imeandikwa niunywe?"

"Haikuandikwa, Jumbe. Ukitaka, kunywa; hutaki, acha. Ila nyama ya jirani haipo tena."

Simba akafikiri kwa muda mrefu, maana alikuwa hajazoea kazi hiyo. Mwishowe akashika kata, akaunywa wote.

Bwana Kondo na mkewe wakarudi nyumbani. Njiani kulikuwa na njia panda, na Bwana Kondo alizipita zote mbili, moja moja, kwa raha zake tu. Kigoda akakidai kwa Bi Kanga usiku ule ule.

Hadithi yangu imeishia mlangoni kwao, wanangu, na neno lake ni hili: ya kesho anayajua Mungu, lakini miguu ya leo ni yako.